Dumu la maji lipime mapafu darasani, lisigeuzwe kipimo cha ugonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashawishi walimu wenzangu wa Biolojia jijini Dar es Salaam watengeneze kipimo cha ujazo wa mapafu kwa dumu la plastiki, na papo hapo niwatahadharishe wanaodhani kwamba kifaa hicho kinaweza kumwambia mtu kama anaumwa.

Linahitajika dumu la lita 5 au 6 linaloonyesha ndani, beseni pana na kipande cha mpira wa maji usio mwembamba. Dumu lijazwe maji pomoni, lizibwe mdomo, lipinduliwe ndani ya beseni lenye maji, kisha ncha ya mpira ipenyezwe ndani yake. Mwanafunzi huvuta pumzi hadi mwisho, hubana pua na kupuliza taratibu mpaka pumzi imwishie. Hewa hupanda, maji hushuka, na nafasi iliyoachwa na maji ndiyo hewa aliyoitoa. Beseni litafurika, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe nje.

Usahihi wote umo katika alama. Kugawanya dumu kwa rula hakufai, kwa sababu bega na kitako chake havilingani upana na sehemu ya kati. Dumu lisimamishwe wima likiwa tupu, maji yamiminwe nusu lita nusu lita kwa silinda ya maabara, na kila kimo kichorwe mstari. Likipinduliwa, mistari hiyo hiyo husomeka kuanzia kitakoni, mahali hewa inapokusanyika.

John Hutchinson, daktari wa Uingereza aliyechapisha kazi yake kuhusu kipimo cha aina hii mwaka 1846, alipima watu zaidi ya 2,000 akaona kwamba ujazo huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu. Darasa lolote la Temeke au Kinondoni linaweza kuchora grafu ya kimo na lita likajionea lenyewe. Watu wazima wengi hutoa lita 3 hadi 5, na zaidi ya lita moja hubaki mapafuni hata mtu apulize vipi. Hewa iliyotoka mwilini ikiwa na nyuzi 37 husinyaa inapopoa ndani ya maji, ila kwa joto letu la Dar es Salaam upungufu huo ni mdogo kuliko katika nchi za baridi.

Sasa tahadhari. Daktari hatazami ujazo peke yake. Hutazama pia kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza mtu anapopuliza kwa nguvu, jambo ambalo dumu haliwezi kulionyesha. Mwenye pumu anaweza kupuliza polepole akafikisha lita zile zile za mwenzake mzima. Aidha, kifua kikuu bado tunaishi nacho: kila mwanafunzi awe na kipande chake cha kupulizia, asivute hewa kupitia mpira, na mwenye kikohozi au pumu apewe kazi ya kuandika vipimo.

Nawaomba pia wakuu wa shule wasiruhusu matokeo kubandikwa ukutani kwa majina. Mtoto mfupi atapata lita chache kwa sababu ya ufupi wake tu, na wenzake hawatakawia kumbandika ugonjwa asio nao.

Mwalimu wa Biolojia,
Temeke, Dar es Salaam