Tuonyesheni ramani ya mzee Herbert

Ndugu Mhariri,

Nimesoma zile barua mbili mlizotoa kuhusu vitabu vya Dune, ile hadithi ya sayansi ya kubuni ya Frank Herbert, vilivyoendelezwa na mtoto wa mwandishi baada ya baba kufariki, mmoja anasema ni wizi wa mchana kweupe, mwingine anasema wanaolalamika wana roho mbaya tu kwani nani kawalazimisha kununua. Mi naona wote wawili wamepita pembeni. Hivyo vitabu nimevisoma vyote mpaka mwisho, Hunters of Dune cha 2006 na Sandworms of Dune cha 2007, na kusema ukweli vinasomeka. Sura fupifupi, kila sura inakukatia patamu, unajikuta umemaliza kurasa mia na ugali umepoa. Kwa hiyo mtu asiniambie sijavipa nafasi.

Kwa ambao wameijua hii stori kupitia muvi za 2021 na 2024 tu, niieleze kidogo. Frank Herbert alikuwa Mmarekani, Dune yake ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 mpaka ikachukuliwa mwaka 1965 na Chilton, kampuni iliyokuwa inajulikana kwa vitabu vya ufundi wa magari (hapa huwa nacheka mwenyewe, sayari nzima ya jangwa imetoka nyumba moja na mwongozo wa kushusha giaboksi). Akaandika mpaka vikafika sita, cha mwisho Chapterhouse: Dune mwaka 1985, na Februari 1986 akafariki akiwa na miaka 65. Cha saba alikuwa bado.

Sasa shida yote imeanzia hapo, maana kile cha sita kimeishia mahali ambapo ukifunga kitabu unakaa unaangalia ukuta. Tahadhari, naharibu uhondo. Duncan Idaho, yule mpiganaji aliyekuwepo tangu kitabu cha kwanza, na wenzake wanatoroka na meli isiyoonekana, wanakwenda sehemu ya anga ambayo hata wenyewe hawaijui, halafu ghafla sura ya mwisho tunapelekwa bustanini kwa wazee wawili, Daniel na Marty, wanapiga stori kama mume na mke waliozoeana miaka, na tunagundua kumbe hiyo meli imewaponyoka wao, walikuwa wanaivizia. Ni akina nani hawa? Mzee Herbert ameacha dokezo, wanaongea kama wale wabadili-sura, viumbe wanaoweza kuiga sura ya mtu yeyote, waliowahi kuwa watumwa wa mabwana wa Tleilax waliowatengeneza, ila hawa wamejikomboa, wanawashangaa mabwana zao wa zamani kwa kutoamini kwamba jambo kama hilo linawezekana. Basi, kitabu kimeisha. Ukifunua ukurasa unaofuata unakuta anamwandikia marehemu mkewe Beverly, aliyefariki 1984, maneno ya kumuaga ambayo mi kila nikiyasoma nanyamaza kwanza. Ndiyo maana wako mashabiki wanaosema wale wazee wa bustanini ni Frank na Beverly wenyewe, wanaangalia watu waliowaumba wakiwatoroka. Sina ugomvi na hao, tafsiri yao inapendeza.

Watu wakakaa na hilo swali miaka ishirini na ushee. Ishirini!

Halafu mtoto wake, Brian Herbert, akishirikiana na Kevin J. Anderson (huyu wengine mtamkumbuka kwa vitabu vya Star Wars), wakatuambia kwamba zimepatikana funguo za visanduku vya benki ambavyo familia haikujua kama vipo, na ndani mkakutwa karatasi zilizochapwa na flopi mbili za kizamani zenye mchanganuo na dondoo za Dune ya saba. Kurasa kama 30 hivi. Lakini hawakuanza na hiyo ya saba, wakaanza kurudi nyuma, 1999 wakatoa House Atreides, zikafuata nyingine mbili, kisha tena tatu za vita vya kale vya watu na mashine, ndipo 2006 wakaifikia ile ya saba tuliyokuwa tunaisubiri, wakaigawa mara mbili, ndiyo hiyo Hunters na Sandworms. Na hapo ndipo watu walipolipuka, maana Daniel na Marty wakageuka kuwa Omnius na Erasmus. Omnius ni kompyuta na Erasmus ni roboti, na wote wawili wametoka kwenye zile tatu za vita vya kale walizoziandika Brian na mwenzake, yaani katika vitabu vyote sita vya mzee hakuna mahali utakutana na majina hayo.

Hebu nikae hapa kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo penye nyama na barua zenu zote mbili zimeparuka. Mwanzoni kabisa mwa kile kitabu cha 1965, Paul, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, ametoka tu kuchomoa mkono wake kwenye sanduku la maumivu alilojaribiwa nalo, na bibi mmoja wa Bene Gesserit, ule udugu wa siri wa wanawake, anamweleza kwa nini ulimwengu wao hauna kompyuta: zamani watu waliziachia mashine kazi ya kufikiri wakidhani watakuwa huru, matokeo yake wakatawaliwa na watu wengine wenye mashine. Watu, siyo mashine. Msome huo mstari leo na hizi habari za akili mnemba zilivyojaa halafu mniambie kama yule mzee hakuwa anaona mbali. Lakini kwenye vitabu vya mtoto mashine zenyewe ndizo zimekamata watu, zina falme, na Erasmus anamdondosha mtoto mdogo kutoka roshani mbele ya mama yake na kwa tukio hilo watu ndio wanaamka kupigana. Ni tukio linalokushika, siwezi kukataa, ila ni hadithi nyingine. Adui amekuwa chuma. Kwa mzee adui alikuwa yule mtu anayeshika rimoti, na mara nyingi ni mtu unayempenda na kumfuata, ndiyo maana hata Paul mwenyewe mzee hakumuacha abaki shujaa.

Lakini wanaotetea nao wana hoja na kwa nini hakuna aliyeiandika gazetini sijui. Chukua God Emperor of Dune, 1981, kitabu cha nne cha mzee, kile ambacho Leto, mtoto wa Paul aliye mfalme, amekuwa nusu mtu nusu mnyoo. Kuna sehemu Siona, binti anayempinga, anaoneshwa mambo yatakavyokuwa kama Leto asingefuata njia yake, na anachoona ni watu wa mwisho wamejificha mashimoni na mashine zinazowinda zinakuja, zinasikika zinakaribia. Hiyo ameandika mzee kwa mkono wake. Kwa hiyo mtu akisema wazo la mashine kurudi ni la Brian peke yake, hapana, mbegu ilikuwepo. Mwingine atajibu kwamba zile ni mashine zilizotengenezwa na watu, hazina jina wala kiburi cha kukaa bustanini kupiga soga, naye ana haki. Mnaona sasa? Tutabishana mpaka kuche na hakuna mwamuzi, wakati mwamuzi yupo, amefungiwa kwenye faili.

Ni kama nyumba ya marehemu baba iliyoachwa kwenye linta. Watoto wanasema tumekuta ramani benki, wanapaua, wanaweka madirisha ya alumini, wanaongeza na ghorofa, na kila anayepita anaambiwa ndivyo mzee alivyotaka. Inawezekana kabisa ndivyo alivyotaka. Ila majirani waliomjua wanaiangalia wanasema hii siyo mikono yake, sasa si muitoe hiyo ramani tuione yaishe?

Maana vitu vingine wameshatoa. Mwaka 2005 walitoa kitabu kinaitwa The Road to Dune, humo kuna barua za mzee, kuna vipande alivyovikata kwenye Dune na Dune Messiah, nami nawashukuru kwa hilo, lakini mchanganuo wa ile ya saba haumo. Sisemi wanadanganya, na yule mwandishi wa barua ya kwanza aliyesema hizo flopi ni hadithi ya kuuzia vitabu mi simuungi mkono, huwezi kumwita mtu mwongo kwa hisia tu. Ninachosema ni kwamba ukishaandika kwenye jalada kwamba umefuata mchanganuo wa baba, msomaji ana haki ya kuuliza wapi baba ameishia na wapi wewe umeanza. Pale Duncan anapokuwa Kwisatz Haderach wa mwisho kabisa, yaani yule mtu mwenye uwezo wa ajabu aliyekuwa akisubiriwa, na Erasmus anamkabidhi kila alichonacho, ni nani kaandika? Na lile jambo la mwisho kabisa, ambapo Oracle of Time, kiumbe chenye nguvu kupita kiasi, anatokea anamchukua Omnius anaondoka naye na vita vinakosa kazi, jamani, hilo nalo ni la mzee aliyetuandikia karamu ya chakula cha jioni kule Arrakeen, mji wa ile sayari ya jangwa, ambapo kila neno ni kisu? Kama ni lake nitanyamaza, nitasema mzee naye alichoka.

Na kufufua kila mtu! Paul, Chani, Jessica, Yueh, Baron, watu wa kitabu cha kwanza waliokwisha kufa zamani, wote wamerudi kupitia chembe za maiti, wanalelewa upya watoto kwa watoto. Hilo linanikera ila nalipita.

Mtu ataniambia familia ina hati miliki na inafanya inavyotaka. Sawa. Lakini mbona wengine wameweza? Tolkien, yule wa The Lord of the Rings, alipofariki 1973 mwanawe Christopher alimalizia The Silmarillion ikatoka 1977, halafu baadaye, kuanzia 1983 hadi 1996, akatoa majuzuu 12 ya rasimu za baba yake na makosa yake na kurasa zilizokatizwa katikati ya sentensi, pembeni anaeleza hapa baba alibadili mawazo, hapa mimi nilichagua hivi. Nani alipungukiwa? Hata kule kwenye Wheel of Time, ambayo si sayansi ya kubuni ila ni jambo lilelile, Robert Jordan alifariki 2007, mjane wake akamchagua Brandon Sanderson amalizie, na wasomaji waliambiwa wazi kwamba mwisho wenyewe Jordan alishauandika kabla hajafa. Manung'uniko yalikuwepo na huko, hayakosekani, ila hakuna aliyeshinda anajiuliza kama mwisho ni wa kweli.

Vya Brian na Anderson sasa vimepita 15, vingi zaidi ya vya mzee mara mbili na ushee, na ile tamthilia ya 2024 ya Dune: Prophecy imetokana na kimojawapo. Kwa hiyo biashara haijayumba na haitayumba kwa kurasa 30. Tena mi nitakuwa wa kwanza kununua siku hizo kurasa zikitoka, hata bila jalada gumu.

Mwisho, yule dada wa Mwanza aliyeuliza kwenye barua fupi aanzie wapi. Dada, anza na cha 1965, usiogope zile kurasa hamsini za mwanzo, majina yatakuzoea, na kama umekulia pwani akina Mahdi na Shaitan hawatakusumbua hata kidogo. Dune Messiah, cha pili, ni kifupi, usikiruke, ndicho kinachogeuza kile cha kwanza. Cha nne kitakuchosha katikati, vumilia mpaka wafike kule jangwani na Siona. Ukimaliza cha sita pumzika, mwezi hata miwili, ujitungie mwenyewe wale wazee ni nani. Ndipo uchukue Hunters kama bado una hamu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro