Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama (na hili suala la koki)

Ndugu wanachama wa chama chetu cha boti, salaam. Mwaka huu tumefanya yale yale mnayoyajua, tumesafisha ufukwe, tumebadilisha minyororo ya maboya, tumechangia misiba, sitaki kuwachosha.

Hesabu: tuko 46, waliomaliza ada 19, walioleta nusu 8, wengine mnajijua. Imeingia milioni 2.3, imetoka milioni 3.1, pengo limezibwa na akiba. Humo milioni 1.4 ni koki 10 za bronzi za chini ya boti, zile za kufungua na kufunga matundu ya maji, na hapo ndo maneno yalipoanzia.

Nasikia ati mwenyekiti kanunua dhahabu, mbona duka la vifaa vya bomba bei ya moja unapata nne. Sawa, unapata, ila zile ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na brasi ya kawaida inaweza kuwa na zinki karibu asilimia 40, ikikaa baharini zinki inaliwa inabaki shaba yenye vitobo vitobo na kwa nje unaona koki nzima kabisa. Ile tuliyoitoa kwenye boti ya mwenzetu bamvua la mwezi wa tatu, ya maji ya kupoozea injini, fundi kaigusa na spana tu ikakatika shingoni kama biskuti, ndani pinki tupu. Nikaileta kikaoni muishike wenyewe, tukajikuta watu 9, na mmoja alikuja kuulizia jenereta! Jamani, tundu la inchi moja na nusu likiwa futi mbili chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, pampu gani ya kwetu itayafua hayo na wageni wako juu?

Za nailoni yenye faiba, zilizotengenezwa kwa ajili ya boti, sina ugomvi nazo, hazili kutu, ila sio PVC ya choo. Za kuzungusha gurudumu nimezikataa mwenyewe, huwezi kujua imefunga au taka imekwama, ila ya mkono, mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikatiza imefungwa, hata kijana wa deki usiku anaipapasa anajua.

Na ukishafungiwa koki usiisahau. Ifunge na kuifungua kila mwezi isigande, tia grisi boti ikipwelewa, klipu mbili za stenlesi kila mpira, na nguruzi (kizibo cha tundu) ya mti mlaini ifungwe kamba pembeni ya kila koki. Boti isiyokaguliwa haipati zamu, hiyo ilipitishwa na kamati sio mimi peke yangu, ingawa wazo nalisema toka 2021 mkawa mnacheka.

Mwakani Mungu akipenda tutafute sehemu nzuri ya kupandishia boti, na koki zingine ikiwezekana. Risiti zote ziko kwa mweka hazina kila Jumamosi jioni, anayezitaka aende, na aende na ada yake.