Karisa, sitaki uchukuliwe, nataka uende mwenyewe

Karisa mwanangu,

Ile voisi noti yako ya dakika 11 nimeisikiza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwa cherehani nikaacha kushona kabisa, ya pili usiku dadako alipolala. Nimeona nikuandikie manake tukianza kuongea kwa simu wewe hunikatiza na mimi hupandisha sauti, mwisho tunagombana, na haya si maneno ya kugombania. Isome yote, usiruke ruke.

Unasema Kenya ifanye kama Tanzania, kijana akimaliza shule aende jeshi apende asipende. Umemuona binamuyo hapo Tanga, amerudi JKT, ile Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya miezi mitatu anaamka saa kumi na moja bila kuitwa, anafua nguo zake, akitumwa anaenda mbio. Mama mdogo alinitumia picha yake amevaa kombati, nikafurahi kama ni wangu wa kuzaa. Kwa hivo usidhani napinga kila kitu.

Na najua kwa nini wewe hasa unasema hivo. Ile siku ya kuandikisha vijana wa jeshi ulitoka hapa Likoni, Mombasa, saa kumi usiku, umevaa ile bukta ya bluu nlikushonea na kitambaa kilichobaki kwa yunifomu za watoto wa shule, ukarudi jioni vumbi hadi kwa kope. Umekimbia, umekaguliwa meno, umekaguliwa nyayo, umepita, na mkononi umeandikwa namba kwa wino mweusi. Nakumbuka ulivyokua unaoga umeinua mkono mmoja juu ili namba isitoke, siku nne nzima, na mimi najifanya sioni. Kisha akaja yule bwana akasema jina lako halifiki kwenye orodha bila laki tatu. Mpaka leo sijui kama alikua mtu wa ndani ama ni tapeli wa barabarani tu, ninachojua ni kwamba hatukua na laki tatu na jina lako halikusomwa.

Kwa hivo ukaniambia, mama, kama ni sheria kila mtu aende, nani ataitisha hongo mlangoni? Hilo swali lilinikosesha usingizi, manake lina akili. Nimelizungusha kichwani kama vile nageuza kitambaa kutafuta upande wa nje, na nimepata jibu. Hongo haitakufa mwanangu, itahama mlango tu. Leo watu wanatoa pesa ili mtoto aingie, siku ikiwa lazima watatoa pesa ili mtoto atoke. Patatokea barua za madokta za pumu na za moyo, patatokea watoto ambao ghafla wanasoma ng'ambo, na orodha ikibandikwa utakuta ni watoto wa maskini wa Likoni na Kisauni na Ganze waliojaa pale. Marekani walipokua wanapigana Vietnam hivo ndivo ilivokua, aliyekua chuoni aliahirishiwa, mwenye dokta wa kumwandikia aliachwa, wana wa maskini wakapanda ndege, hadi wakaachana na mambo ya kulazimisha mwaka 1973.

Sasa usiniambie Korea Kusini, najua utanitajia manake dadako na wale waimbaji wake wa BTS. Ndio, kule karibu wanaume wote wanaenda, yule mkubwa wao kwa umri, Jin, aliingia jeshi Desemba 2022 na akamaliza muda wake kama kijana mwingine yeyote, miezi 18, na ni mtu anayejaza viwanja dunia nzima. Hapo mimi navua kilemba. Lakini wao Korea Kaskazini iko mlangoni, vita vyao vya 1950 vilisimama bila mkataba wa amani, adui wanamjua kwa jina na mtaa. Sisi tungekua tunamlazimisha mtoto aende kumkabili nani? Na Uswisi ambako pia ni lazima, mwaka 2013 waliwauliza wananchi kwa kura kama iondolewe, asilimia 73 wakasema ibaki. Waliulizwa, Karisa. Hapo kwa kuulizwa ndo roho yangu iko.

Hata hao Tanzania unaowasifu hawakuanza vizuri. JKT ilianzishwa 1963, watu wanajitolea, kisha 1966 ikaja sheria kwamba wasomi lazima waende na sehemu kubwa ya mshahara ikatwe. Wanafunzi wa chuo pale Dar wakaandamana mwezi wa kumi mwaka huo huo, na Nyerere akawafukuza karibu 400, akawarudisha makwao. Lakini kuna kitu alifanya siku ile ambacho ndo nakitaka ukiweke akilini, alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Mtu anayekwambia utoe, alianza kwa mfuko wake. Nitajie mkubwa mmoja hapa kwetu ambaye unaamini ataanza na mtoto wake, nami nitakaa kimya. Hata wao baadaye pesa ziliwasumbua, 1994 ile ya lazima ikasimamishwa, haikurudi hadi 2013.

Na hapa Kenya tumeshaonja, ni vile wewe hukua umezaliwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, kuanzia 1984 aliyetaka kuingia chuo kikuu cha serikali alipitia NYS kwanza, ile Huduma ya Vijana kwa Taifa, miezi mitatu hivi, hadi 1990 ikaachwa. Mjombako alikua mmoja wao, alienda Gilgil na sweta moja tu, mtoto wa pwani hajui baridi. Muulize atakwambia usiku mzima, vile alifundishwa kutandika kitanda shuka isiwe na mkunjo, vile alilala chumba kimoja na Mkisii na Mmeru na Mkamba, na yule rafiki yake wa Nyeri ambaye huja kututembelea kila Desemba na gunia la viazi ni wa kutoka kule. Hayo ni mazuri na siyakatai, nchi yetu hii ya kila mtu na kabila lake inahitaji sana watoto walale chumba kimoja. Lakini mjombako huyo huyo ndiye aliyeniambia kila mmoja kule alijua wamepelekwa ili wanafunzi wapoe, waache kelele za siasa. Sasa ikiwa unamfundisha mtu kupenda nchi na yeye anajua unamnyamazisha, anajifunza nini hapo?

Tena wakati ule waliokua wanaingia chuo ni maelfu wachache. Waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2024 walipita 900,000. Mimi nikipikia watu watano ugali nahesabu unga kwa kikombe, hao 900,000 watalala wapi, watakula nini, dawa zitatoka wapi, na hapa hata hizo pesa za chuo watoto wanangoja hadi wanarudi nyumbani.

Lakini hayo ya pesa siyo yanayoniuma. Kinachoniuma ni hiki, na sijawahi kukusimulia vizuri.

Unamjua Mekatilili wa Menza kwa kitabu cha shule. Sisi tulimjua kwa nyanya, usiku, tukimenya maharagwe. Mwaka 1913 wazungu walikua wanataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi zao, na mama huyu, mjane, akazunguka akiwakataza watu wasitoe watoto. Tunavyosimuliwa, alienda kwenye mkutano na kuku na vifaranga vyake, akamwambia yule mkubwa wa kizungu, hebu chukua kifaranga kimoja. Alipopeleka mkono kuku akamdonoa. Akamwambia, ndivo itakavyokua ukigusa wana wetu. Mzungu akampiga kuku risasi. Wakamkamata Mekatilili wakampeleka Kisii, mbali kabisa huko, na mwaka uliofuata akatoroka na akarudi kwa miguu, na 1914 wazungu wakailipua Kaya Fungo, pahali petu patakatifu. Nyanya akifika hapo kwa kuku alikua anaacha kumenya, anatuangalia mmoja mmoja.

Manake kwetu haikuishia kwa hadithi. Babake babu yangu alichukuliwa mwaka 1917, ule mwaka walizoa wanaume nchi nzima wabebe mizigo ya vita vya kwanza vya dunia, hao wachukuzi walioitwa Carrier Corps, ndo jina Kariakoo lilitoka hapo. Alikua ametoka kuangalia mnazi wake, ana kibuyu mkononi. Hakua askari, hakupewa bunduki, alipewa mzigo wa kichwani akapelekwa kufuata Wajerumani huko Tanganyika. Kilichowaua wengi ni kuhara na njaa na malaria, hata hesabu ya serikali yenyewe ya wachukuzi waliokufa inapita 40,000. Wetu hakurudi. Hatujui kaburi, hatujui mto gani, nyanya alikua na kibuyu tu ambacho mtu alikiokota njiani akakileta.

Unakumbuka nlikupeleka kwa zile sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue, mjini Mombasa, ulikua darasa la tatu, ukataka kupanda juu nikakuvuta? Pale pameandikwa kwamba wachukuzi walikua miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nlizunguka lile jiwe lote siku ile nikisoma na wewe unalia unataka aiskrimu. Hakuna jina hata moja. Umetajiwa kwamba jina lako litakumbukwa na jina lenyewe hawakuliandika, manake mtu uliyemzoa njiani hukumuuliza anaitwa nani. Ndo nikasema kimoyomoyo, kwenye ukoo wangu mtu hatachukuliwa tena.

Haya, utasema hizo ni za wakoloni, sasa ni nchi yetu wenyewe. Eritrea pia ni nchi yao wenyewe, walipigania uhuru miaka 30. Sheria yao ya 1995 inasema huduma ya taifa ni miezi 18. Ikaja vita na Ethiopia 1998, muda ukaongezwa, vita vikaisha na muda haukuisha, watu wanaingia wakiwa vijana wanazeekea humo, wengine wanakimbilia jangwani na baharini. Hakuna aliyewaambia siku ya kwanza kwamba ni ya maisha, waliambiwa miezi 18. Serikali ukishaipa mkono wa mtoto wako haikuulizi lini inaurudisha.

Na jirani yetu wa nyumba ya mabati mekundu, unajua mwanawe alienda Somalia, wanajeshi wetu waliingia kule Oktoba 2011 na yeye alipelekwa miaka iliyofuata. Alirudi akiwa kwa jeneza. Mimi ndo nlikua namshikia mamake mkono ile wiki, na kila mtu akija kumpa pole, mama huyo alikua anasema neno moja tu, alitaka mwenyewe, tangu mdogo alikua anapiga saluti kwa kijiti. Alitaka mwenyewe. Nadhani alisema mara mia. Ndo kitu cha pekee kilichombakia cha kushika. Sasa fikiria huyo mama kijana wake angekua alitaka kua fundi wa magari, sheria ikamchukua. Angeshika nini?

Siwadharau wanajeshi, wewe wajua. Wanamaji wa pale Mtongwe ni wateja wangu, napunguza suruali zao, wana adabu na wanalipa. Huyo aliyeomba mwenyewe akapita kwa jasho lake, nikimuona kwa feri namwachia nafasi akae. Katiba yetu ibara ya 30 inasema hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya kazi, na mimi si wakili lakini hayo maneno nayaelewa bila wakili. Kama serikali inataka vijana, isafishe ule mlango. Majina yasomwe hadharani, aliyeitisha laki tatu afungwe, na mtoto wa muuza samaki akimshinda mbio mtoto wa waziri aingie yeye. Ile siku watapata vijana wengi hadi wawarudishe, hawatahitaji sheria ya kumfunga mtu kamba.

Kwa hivo ukitaka kujaribu tena, jaribu. Bado una miaka. Mimi sitakuzuia, nitalia na nitakusindikiza. Ile bukta ya bluu nimeitoa kwa sanduku juzi, mpira wa kiuno ulikua umelegea, nimetia mwingine na nimeongeza mshono kwa pindo manake umenenepa huko kwa mama mdogo na nazi zake. Iko kwa kabati, rafu ya juu.

Ukija panda basi la asubuhi, uvuke Lunga Lunga mapema, na ushuke huku huku Likoni usipitilize hadi feri. Nitakua kwa cherehani. Nisalimie binamuyo, na akipata likizo aje naye anifundishe hiyo ya kutandika kitanda, dadako shuka yake ni aibu.

Mamako