Shoga, Ngazija nimeizunguka siku moja

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Moroni, mji mkuu wa Komoro, hapa kisiwani Ngazija, mie mzima namshukuru Mungu, joto tu na umeme wao wa kuja na kuondoka. Najua swali lako la kwanza ni kama nimelipwa, jibu ni bado, yule mama niliyemkopesha zile doti za kanga na vitambaa anasema subiri msimu wa harusi, subiri maje-viens washuke, ndo wanavyoitwa huku Wangazija wanaoishi Ufaransa, ati je viens yaani nakuja, wanakuja kila mwaka mwezi wa saba wa nane na euro zao wanaoana harusi kubwa kubwa. Sa mie naambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa, nikasema siku zote hizi nikae chumbani nahesabu mende? Nikalipa tua ya siku nzima, faranga 25,000, na euro moja huku ni faranga 492 haipandi haishuki, kwa hiyo piga hesabu ni kama euro 50 hivi. Na chakula cha mchana ndani, wakaniambia kamba kochi kwa sosi ya vanila. Likumbuke hilo la kamba kochi.

Tukaambiwa saa moja asubuhi, gaidi kaja saa mbili na nusu. Samahani, hilo neno nisiliandike tena, nitakuja kukamatwa uwanja wa ndege bure, tuseme mtembezaji. Kijana mzuri, mcheshi, ila gari lake lilikuwa linakohoa tokea pale mlangoni. Ndani kulikuwa na mtu na mkewe wazee kutoka Reunion, Wafaransa, basi yeye anawaeleza wao kwa Kifaransa halafu ananigeukia mie ananieleza kwa Kingazija polepole na vipande vya Kiswahili alivyookota Dar alipompeleka baba yake hospitali. Na unajua nini, namwelewa! Maji wao madji, nazi nadzi, ukitega sikio vizuri ni kama mtu wa kwetu anayeongea na karanga mdomoni.

Tulianza kusini, Iconi. Pale kuna jabali kubwa jeusi limesimama juu ya bahari, na mwaka 1805 maharamia wa Kibuki kutoka Madagascar walipokuja kuteka watu wawauze utumwani, wanawake wa mji wakapanda juu ya lile jabali wakajirusha baharini wasishikwe. Wale wazee wa Reunion walikuwa wanapiga picha, yule mama akaishusha kamera alipoelezwa. Hapo sikukaa sana, nilirudi garini mapema.

Kisha Singani. Shoga, hapa ndo nilipotaka kufika, maana mlima wenyewe wa volkano, Karthala, mita 2,361, toka nimekuja sijauona kichwa, mawingu matupu, na kuupanda mpaka juu watu wanalala huko huko siku mbili na mie magoti haya unayajua. Lakini Singani mlima ulikuja wenyewe chini. Mwaka 1977 mwezi wa nne ardhi ilipasuka ubavuni juu ya kijiji, uji wa moto ukashuka ukapita juu ya nyumba za watu. Na watu wamerudi wakajenga palepale juu ya ile lava! Unaona nyumba ya matofali na ua wa mabati, na chini ya msingi ni jiwe jeusi limemiminika kama uji ulioganda, mipapai imeota kwenye nyufa, mtoto anacheza mpira pekupeku juu ya kitu ambacho mie kilinichania ndara. Nilichukua kipande mkononi nikakitazama. Kina vitundu vitundu, jeusi kama masizi, jepesi usivyotegemea, yaani chukua mkate wa kumimina uusahau kwenye mkaa tokea alfajiri mpaka adhuhuri, ndo hilo.

Nikamuuliza mtembezaji, sa mvua zote hizi zinazonyesha huku, mto uko wapi? Maana tokea asubuhi sijavuka hata daraja la mfereji. Akacheka. Akachukua chupa yake ya maji akayamimina juu ya jiwe, hivi hivi, fyuu, yakapotea. Hakuna mto hata mmoja Ngazija nzima! Mvua inanyesha kweli kweli lakini mawe haya yanainywa yote inazama chini kabisa, kwa hiyo watu wa vijijini wanaishi kwa matangi, kila nyumba ina birika la simenti pembeni, paa la bati linakusanya mvua, bomba linateremsha, na kiangazi kikirefuka wananunua. Ukichimba kisima karibu na pwani unapata maji ya chumvi chumvi.

Hapo nikamkumbuka bibi yako, Mungu amrehemu. Unakumbuka tulivyokuwa tukifungua bomba pale uani kwenu Mkunazini tunarushiana maji, anatoka na upawa anatukimbiza, anasema nyie mnamwaga uhai wa watu? Na sie tukicheka, tunasema bibi Mngazija bahili hata wa maji. Mie nilisimama pale Singani nikaona aibu peke yangu, Mfaransa ananiuliza ça va, yaani u mzima, nikamwambia savaa.

Basi tukarudi kaskazini, Moroni tukaipita, ule msikiti wa zamani wa Ijumaa pale bandarini wa mwaka 1427 niliukwisha uona siku ya kwanza, tukasimama Itsandra kwa ajili yako weye, kuitafuta nyumba ya bibi yako. Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndo sababu ya barua yote hii.

Pale kuna uwanja katikati ya mji, wanauita bangwe, umezungukwa na mabaraza ya mawe, na wazee wamekaa na kofia zao na mharuma, ile shali yao ya heshima, shingoni. Si kila mtu anakaa popote. Huku mwanamme mpaka afanye harusi kubwa, anda, alishe mji, atoe dhahabu, ng'ombe, mchele magunia, ndo anaitwa mdru mdzima, mtu mzima, ndo anakaa mbele na akisema anasikilizwa. Usipofanya hata uwe na miaka 60 na mvi kichwa kizima weye bado kijana tu, utatumwa kubeba viti. Nikamfikiria yule kaka yako na maneno yake mengi, huku asingepewa hata stuli.

Mtembezaji akanipeleka kwa wazee wawili, akaniambia sema mwenyewe. Nikasema natoka Unguja, namtafutia rafiki yangu nyumba ya bibi yake, aliondoka hapa msichana. Walivyosikia Unguja wakafurahi, mmoja akanianzia habari za Sheikh Ahmed bin Sumeit, kwamba kazaliwa papa hapa Itsandra 1861 na akaja kuwa kadhi kwetu Zanzibar na huko huko akafia, 1925, ananieleza kama jirani yake vile. Halafu akauliza, huyo bibi mtu wa nani? Mie kwa ujuaji nikamtajia babu yako na baba yake bibi na ukoo wote wa kiumeni kama ulivyonipa kwenye karatasi. Wakatazamana. Wakasema la, mama yake nani? Nikakwama, shoga. Kumbe huku nyumba ni ya mwanamke! Mwanamme akioa anahamia yeye kwa mkewe, na nyumba na yale mashamba ya ukoo yanakwenda kwa mabinti, mama kwa binti, mama kwa binti, wanaita manyahuli. Sa ukiwatajia baba ni kama umewapa namba ya simu nusu. Yule mzee akaniambia, tena kwa huruma, mwanangu rudi na jina la mama.

Tukaendelea. Kutoka pale kwenda kaskazini njia mashimo, gari linakohoa, upande mmoja bahari ya buluu na upande mmoja lava nyeusi inashuka mpaka majini, na mibuyu. Mitsamiouli tulisimama ufukweni, akatuonyesha baharini pale ilipoanguka ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa, tarehe 23 Novemba 1996, watu 175 ndani na 125 wakafa, na wa kwanza kuwaendea na mitumbwi ni watu wa pale pale na wageni waliokuwa ufukweni kwenye hoteli ya Galawa. Hoteli yenyewe baadaye ikabomolewa.

Njiani tukapita kwenye shamba la milangilangi. Shoga sie tunaijua langilangi ya kwenye kikuba tu, ua mbili tatu na asumini na rehani, huku ni shamba, miti wameikata kichwa isirefuke ikapinda pinda kama vizee, ili wachumaji wafikie kwa mkono, na wanachuma alfajiri harufu haijaruka, kisha yanachemshwa kwenye pipa la kutonesha mafuta yanakwenda Ufaransa kutiwa kwenye manukato. Nimeokota ua moja nimelitia kwenye pochi, pochi yote inanuka bi harusi.

Halafu Ziwa la Chumvi, kule Bangoi-Kouni. Ni tundu la volkano lililojaa maji, bahari iko palepale pembeni, ukuta mwembamba tu wa mawe umetenganisha. Tukakaa ukingoni akatupa hadithi yake, kwamba zamani hapo palikuwa na mji, akapita mzee mgeni anaomba maji ya kunywa, nyumba ya kwanza wakamnyima, ya pili wakamnyima, mwanamke mmoja tu akampa, yule mzee akamwambia chukua wanao uhame leo leo. Usiku mji ukazama. Wafaransa wakapiga picha, mie sikusema kitu.

Sa usinicheke kwa haya yanayofuata, naapa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hatujaenda hata nusu saa gari likachemka. Moshi mweupe, mtembezaji kafungua boneti, mpira wa rejeta umepasuka, maji yote chini na jiwe limeshayanywa. Jua saa tisa mchana, kijiji nyumba kama kumi, na chupa zetu tumezimaliza. Akaenda kubisha nyumba ya kwanza. Mie na yule mama wa Reunion tukatazamana, yeye kaelewa na mie nimeelewa, tukaanza kucheka kama wendawazimu pembeni ya njia.

Katoka bibi mmoja, liwa usoni, leso kiunoni, hakuuliza kitu. Akafunua kifuniko cha birika lake, akateremsha ndoo kwa kamba, nikaisikia inagonga chini kabisa kabla ya kujaa, maana yalikuwa machache. Akatupa ya kunywa kwanza, kwa kata ya kifuu, sote mmoja mmoja, Wafaransa nao wakanywa, ndo akajaza dumu la gari. Nikamwomba mtembezaji amwambie asitupe mengi. Yule bibi akanijibu kupitia kwake kwamba haya si kitu, mwaka 2005 mlima ulipotema majivu yaliingia mpaka kwenye mabirika ya watu, maji yakawa tope, ndo walijua kukosa maji. Nikampa pakti ya biskuti nilizokuwa nazo, akampa mjukuu wake, mtoto wa miaka kama sita, naye akanitazama akaniambia, Marahaba!

Mie nikaduwaa. Mtoto kama huyu ananiitikia marahaba na mie sijamwamkia shikamoo! Nikafikiri wa huku hawana adabu, kumbe kwao marahaba ndo ahsante. Mtembezaji alicheka mpaka akaangusha spana.

Mpira tukaufunga kwa ukanda wa ndani wa tairi ya baiskeli, tukatembea mwendo wa kobe. Chomoni tukafika magharibi inaingia, ule ufukwe wa mchanga mweupe na mawe meusi wanaousifu niliuona kama kivuli. Na chakula chetu cha mchana kilikuja saa kumi na mbili jioni, na kamba kochi hakuwepo, ati bahari mbaya. Mataba, yaani kisamvu cha nazi, na shelisheli la kuchoma na pilipili yao wanaiita putu, inakuita jina lako kamili. Sikulalamika, nilikula sahani mbili, ila euro 50 zangu za kamba kochi nazidai kama ninavyodai kanga zangu.

Sa fanya hivi, usingoje mpaka kesho. Nenda kwa mama yako sasa hivi, muulize mama yake bibi aliitwa nani, na mama wa huyo akimkumbuka, na kama bibi aliwahi kutaja jina la mtaa au la nyumba. Andika vizuri nisije nikasoma vingine, nitumie usiku huu. Mie naondoka Alhamisi, na yule mzee wa Itsandra nimemwahidi nitarudi Jumatano baada ya alasiri, na amesema atanisubiri palepale barazani.

Mie shoga yako