Wajina, nishikie besi

Nairobi,
Jumapili usiku

Wajina wangu,

Salamu nyingi, nawe unisalimie Baba na Mama hapo Nakuru. Sisi huku hatujambo, isipokuwa tumbo limekua mpaka gitaa halikai. Nimeurefusha mkanda hadi mwisho, gitaa nimelisukumia ubavuni kama mama aliyebeba mtoto kiunoni huku anapika, na bado mkono wa kulia unazifikia nyuzi kwa tabu. Mpiga ngoma wetu anasema mtoto anashika mapigo kunishinda mimi. Mama mkwe hacheki. Ameuliza mara moja tu, kwa ule upole wake unaotisha, kama makelele yale hayatamdhuru mjukuu wake, na hapo nikajua mambo yamekwisha.

Sasa shida yangu ni hii: njoo unishikie besi mpaka mtoto apate nguvu kidogo. Wenzangu wa bendi nimeshawaambia ni wewe. Najua utaniambia wewe ni mtu wa kanisani na roki huijui, ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Wapiga besi wazuri ninaowajua mimi wengi wametoka kanisani, kwa hiyo hilo lisikutishe. Mwimbaji akihama ufunguo bila kumwambia mtu, unamfuata. Mchungaji akirefusha maombi, unajaza nafasi kwa noti tatu mpaka aseme amina. Masikio ya namna hiyo huwezi kuyanunua. Taabu utakayoipata kwetu ni nyingine: unajua mengi mno. Hapo kanisani una gitaa la nyuzi tano, sebene ikikolea unapanda hadi juu kabisa, unafukuzana na kinanda, kina mama wanapiga vigelegele. Kwetu ukifanya hivyo mwimbaji atageuka akutazame, na wimbo haujafika hata kwenye kiitikio. Nyimbo zetu kadhaa zina ubeti mzima unaokaa kwenye noti moja. Mapigo manane, manane tena, bila pambo lolote. Ukisikia hivyo utacheka. Hebu jaribu hapo nyumbani: noti moja, dakika mbili, mwendo usiongezeke na pigo moja lisiwe nene kuliko jingine. Utaanza kusikia moto hapa chini ya kiwiko kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Mpiga ngoma msikilize mguu, ule unaopiga ngoma kubwa, mikono yake achana nayo. Mikono ina maringo, mguu hausemi uongo. Ana tabia moja: akitoka kwenye kiitikio anakimbia. Usimkimbilie. Wala usimvute kwa nguvu, maana atadhani mnagombana. Kaa palepale ulipo, baada ya mistari miwili atarudi mwenyewe, na mkishuka jukwaani atakulaumu wewe kwa kuchelewa. Mwitikie tu.

Jambo jingine ambalo hukulihitaji sana kanisani ni kuikata noti. Kwenye zile nyimbo za polepole sitaki noti iendelee kunguruma mpaka nyingine ije. Sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ikilia, wewe uwe umenyamaza. Kidole cha mkono wa kushoto kilegeze kidogo tu, kisitoke kwenye uzi, sauti inakufa hapohapo. Pale kwenye kimya ndipo watu wanaanza kutikisa vichwa. Vidole utatumia vyako, piki ya kupigia nyuzi si lazima. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alipiga nyimbo zile zote kwa kidole kimoja cha shahada, kwa hiyo mtu asije akakuambia huna mbinu.

Gitaa, njoo upige langu. Ni nakala ya Precision, aina aliyoianzisha Leo Fender mwaka 1951, lina nyuzi nne na vifundo viwili, cha sauti na cha toni, basi. Hilo lako ni zuri lakini lina betri ndani, na betri ya volti 9 ina wivu: inangoja ukumbi ujae ndipo ife. Tena karibu nusu ya nyimbo zetu tunaushusha uzi mnene kutoka noti ya E hadi D, na magitaa yote yanashuka pamoja nawe. Najua utasema wewe hiyo D unayo tayari, freti ya tatu kwenye uzi wa tano. Unayo, ila hailii kama uzi mtupu, na nyimbo zile zimejengwa juu ya uzi mtupu. Dakika tano ukilizoea utaniambia.

Sasa kuhusu sauti, hapa ndipo utakapokasirika zaidi. Klabu nyingi tunazopiga zina spika mbili za inchi 12 zilizosimama kwenye miguu, na chini hakuna kitu. Ule uzi wa E ukiwa mtupu uko kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ukiushusha hadi D unakuwa kama 37. Spika zile haziwezi kuitoa sauti ya chini hivyo. Mtu aliyekaa nyuma anasikia zile sauti za juu zinazopanda kutoka kwenye noti, halafu ubongo wake unajijazia sehemu iliyobaki. Kwa hiyo ukiona besi haisikiki usikimbilie kifundo cha besi kwenye ampu, kile kikuza sauti chetu. Wapiga besi wote wanafanya hivyo, na ukumbi unageuka uji. Punguza ya chini, pandisha ya kati, utasikika hadi jikoni. Na ampu usiiweke kwenye kona hata kama wahudumu wanataka nafasi ya meza. Kona inaikuza sauti ya chini, noti mbili tatu zitanguruma na nyingine zitapotea, halafu fundi wa mitambo atasema mkosaji ni wewe. Huyo fundi mnunulie soda mapema. Siyo hongo, ni ujirani.

Vizibo vya masikio ninavyo jozi mbili, moja ni yako. Usivivue eti kwa sababu unataka kusikia vizuri. Matoazi yako karibu na sikio lako la kushoto usiku mzima.

Safari za magharibi zitakufaa wewe kuliko mimi, maana tunapita Nakuru. Utatungoja barabarani, huna haja ya kuja Nairobi. Gari ni matatu ya viti 14 ambayo tumeng'oa viti vya nyuma, na dereva hataki mtu mwingine apange mizigo. Muache. Ampu chini, ngoma katikati, magitaa juu, na begi lako la nguo ndilo litakuwa mto wako. Kwenda Eldoret ukifika Timboroa utajuta kama hukubeba sweta zito: pale ni zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, na dirisha la upande wangu halifungi. Kwenda Kisumu ni baridi hadi Kericho, halafu mnateremka, mkifika Ahero kila mtu anavua. Gitaa nalo linausikia huo mteremko. Ukifika usilitoe kwenye kasha na kulichomeka papo hapo. Liache lipoe, au niseme lipate joto, kula kwanza samaki wako, ndipo ulityuni. Ukilityuni mapema utarudia kazi ileile jukwaani watu wakikutazama.

Kisumu napapenda kwa sababu moja ya ubinafsi. Kule watu wamelelewa na benga, kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, muziki ambao besi yake haijifichi nyuma ya mtu. Basi hata tukiwapigia roki, wazee wawili watatu watakuja baada ya shoo, wampite mwimbaji, wampite mpiga solo, waje moja kwa moja kuniuliza kwa nini pale katikati sikuichezesha zaidi. Huko, wajina, nakupa ruhusa. Wimbo wa mwisho fungulia.

Mombasa tunakwenda kwa treni, kwa hiyo hapo utakuja Nairobi siku moja mapema. Usilie ukiona gitaa langu sakafuni kule stesheni ya Syokimau: mizigo yote inapangwa mstari, abiria wanasogezwa nyuma, mbwa wanapita wakinusa. Mbwa mmoja aliwahi kulisimamia kasha langu kwa muda ambao sikuupenda kabisa, nikakumbuka nina sambusa mfukoni mwa pembeni. Ukifika pwani unyevu utaanza kazi yake, shingo ya gitaa inajipinda na nyuzi zinaanza kubuzi. Ufunguo wa kuinyosha uko kwenye mfuko mdogo wa kasha. Robo mzunguko tu, ngoja, sikiliza. Na kila ukimaliza kupiga pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, jasho na ile hewa ya chumvi vinazila. Seti mpya ya nyuzi inaweza kumeza malipo yako ya usiku mzima.

Malipo yenyewe sasa. Mgawo wetu ni sawa kwa wote baada ya kutoa mafuta, dereva na chakula, na nimehakikisha utapata mgawo kamili, siyo posho ya mgeni. Hilo nilisimama nalo mpaka wakakubali. Sheria ya bendi ni kwamba nusu ya pesa iingie kwa M-Pesa kabla gari halijawashwa. Sheria hiyo ina historia yake. Mwenye klabu mmoja, mji wake siutaji, alituahidi mapato ya mlangoni, watu wakajaa hadi kwenye ngazi, na kulipokucha akatuambia wengi wao walikuwa wageni wake. Tulirudi tukichanga mafuta. Wenzangu watakuambia kisa hicho na kila mmoja ana idadi yake ya watu waliokuwa ukumbini, inaongezeka kila safari.

Mlangoni askari atakuuliza wewe ni mpenzi wa nani kwenye bendi. Mwonyeshe kasha na upite, usipoteze pumzi. Fundi mgeni naye atataka kukutyunia gitaa. Mwambie asante. Chumba utalala na mwimbaji wetu, ambaye ni dada mwema sana akiwa macho na anayekoroma kupita maelezo akilala, kwa hiyo vile vizibo vina kazi mbili. Mashabiki hawana shida. Wengi ni watu waliokua wakisikiliza redio ya X FM enzi zile ikiwa hewani na roki kutwa kucha, leo wana kazi na watoto, na saa sita ikigonga utawaona wanaangalia simu zao kama yaya amepiga. Vijana wapo pia, hao wanasimama mbele na wanajua maneno yote, hata ya zile nyimbo ambazo sisi wenyewe tunayasahau.

Kuhusu Mama. Najua ataniuliza mimi kabla hajakuuliza wewe. Hili swali la kama roki ni muziki wa shetani tumelijibu hadi kwa makonda. Mwambie kwamba watu wawili kwenye bendi yetu wanashuka jukwaani saa tisa usiku, na saa tatu asubuhi wako kwenye ibada, mmoja kwenye kinanda na mwingine kwenye kwaya, macho mekundu lakini wapo. Mwambie pia Jumapili zako nimezilinda: shoo ni Ijumaa na Jumamosi, ukiwa magharibi tutakushusha Nakuru alfajiri tukirudi. Utaoga, utabadilisha nguo, utachukua lile la nyuzi tano. Kama hatakubali nitampigia mwenyewe, na nikimpigia nitaanza na habari za tumbo, hatakuwa na nguvu ya kukataa.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni kule Ngara, kile chumba juu ya duka la vipuri. Wiki mbili za kwanza njoo zote, nitakaa kwenye kiti na kukuonyesha, baadaye utakuja ukiweza. Nyimbo nimezirekodi besi peke yake, moja moja, kwa simu, nitakutumia usiku huu nikipata bando. Utasikia pale katikati ya wa nne naguna. Siyo sehemu ya wimbo, alinipiga teke.

Kasha nimelifunga tayari. Ndani kuna waya mbili (wa bluu unasumbua karibu na jeki, usiutumie ila kwa dharura), tyuna, kitambaa, ufunguo, na kopo la mafuta ya nazi ambalo ni la mikono, si la gitaa, mwimbaji ameshawahi kuchanganya.

Nijibu kabla ya Jumatano, tafadhali. Mwimbaji ameanza kumtajataja binamu yake wa Kitengela, ambaye ana besi ya bei mbaya na mpaka leo anaishika kwa mkono usiofaa.

Ni mimi wajina wako.