Shukrani kwa Mama wa Posta, Busan

Napenda kumshukuru mama mmoja, ambaye jina lake sikuwahi kulijua, aliyeniona nikihangaika na kadi ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, katika ofisi ya posta mjini Busan, Korea Kusini. Nilikuwa nimemwandikia mama mkwe wangu "bogo sipeo", yaani "nina hamu nawe" kwa Kikorea, kama mtu anavyomwambia rika lake. Mama yule wa posta, bila kunicheka, akachukua kalamu, akaongeza silabi moja tu ya adabu, "yo", akatanguliza "eomeonim", yaani "mama" kwa heshima, kisha akapuliza wino ukauke. Akanieleza kwamba "bogo sipeo", kwa asili yake, ni "kutaka kuona", jambo lililonifurahisha, kwani nasi husema "nina hamu ya kukuona". Mama mkwe alinipigia simu akilia. Ahsante sana, mama. Kalamu yako nilisahau kukurudishia.