Chui wa theluji wanafia mazizini

Mhariri, naomba nafasi kidogo nizungumzie chui wa theluji, yule mnyama wa milima ya Asia, kuanzia Mongolia na China mpaka India, Nepal na Pakistan. Watu wengi wakisikia ameuawa wanafikiria majangili na ngozi tu. Biashara ya ngozi ipo na inauma, lakini ripoti ya 2016 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, ilikadiria wanauawa kati ya 221 na 450 kwa mwaka na zaidi ya nusu ni wafugaji wanalipiza kisasi, na mimi hao wafugaji siwezi kuwalaumu manake chui akiingia zizini usiku haui mbuzi mmoja akaondoka, anaweza kumaliza zizi zima, na kwa familia maskini hiyo ndo benki yao imekwisha.

Kule Ladakh, India, dawa imepatikana na wala sio ya gharama za ajabu, zizi linafunikwa juu kwa wavu wa waya, linawekwa mlango imara, basi. Halafu kuna vijiji wanapokea watalii majumbani mwao, wanalala hapo wanakula hapo, hela inabaki kijijini, kwa hiyo chui akiwa hai nao wanapata.

India nzima ilikadiriwa kuwa na chui wa theluji 718, matokeo yalitoka Januari 2024. Wachache sana jamani! Wafadhili mnaotoa hela za kamera na makongamano, tafadhali toeni na za waya na milango.